Redio Kaseti ya Mzee Yeremia

Kilichomsumbua Peniel tangu mwanzo ni skurubu. Redio kaseti iliyopungukiwa vipande namna ile huwa imepitia mikononi mwa fundi mwizi, na fundi mwizi akishang'oa anachokitaka hana muda wa kurudisha skurubu. Anaziacha zikigongana humo ndani au anazitia mfukoni. Humu zilikuwemo zote. Spika haikuwepo, lakini skurubu za spika zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake na kukazwa sawasawa. Mkanda wa mpira unaozungusha kaseti haukuwepo, wala kile kigurudumu cha mpira kinachokandamiza utepe, lakini vishikizo vyake vilikuwa vimefutwa vumbi. Kitufe chekundu cha kurekodia kilikuwa kimechomolewa bila kuumiza hata springi yake. Tundu la waya wa umeme lilikuwa limezibwa kwa nta ya nyuki. Aliyeifungua hakuwa na haraka.

"Nani aliifungua hii, mama?" Peniel aliuliza.

Dorkas, mwanamke wa makamo aliyekuwa ameileta kutoka Mungaa imefungwa kwenye kanga, alitikisa kichwa. "Hata sijui, fundi. Ni ya baba mkwe, Mzee Yeremia. Alifariki mwaka jana. Tumebomoa ile tembe yake ya udongo tujenge nyumba ya bati, ndiyo tukaikuta imefukiwa kwenye udongo wa paa."

"Kwenye paa? Mtu anafukia redio kwenye paa?"

"Wazee nao wana mambo yao. Humo ndani kuna kaseti imenasa. Mume wangu anasema labda ni sauti ya baba yake. Picha yake nzuri hatuna, basi angalau tumsikie."

Peniel aligeuza ile redio mkononi. Ilikuwa ya kubeba, ya mkono wa chuma, ya miaka ile ambayo kijana akiwa nayo begani alipata mchumba bila kusema neno. Mtu mwenye akili zake angeifunga tena kwenye kanga na kumwambia yule mama spea zake hazipatikani. Lakini mafundi wana kiburi chao, na Peniel alikuwa nacho cha kutosha yeye na jirani zake. Kifaa kikikosa kitu alikichukulia kama kimemtukana. Chini ya meza ya kibanda chake, pale nyuma ya soko la Singida Mjini, alikuwa na ndoo tatu za vifaa vilivyokufa, na ndoo hizo aliziita mochwari. Imani yake ilikuwa kwamba kila kinachokosekana huku kina ndugu yake mochwari.

"Niachie," akasema. "Nitakupigia simu."

Mkanda aliutoa kwenye redio nyingine. Kigurudumu alikipata kwenye redio ya gari lililokuwa limeanguka. Spika ndiyo ilimpa kazi, maana zilizokuwa na ukubwa ule zilikuwa zimechanika zote isipokuwa moja, na hiyo ilikuwa ya kipaza sauti cha muuza mafuta ya alizeti. Kipaza kilikuwa kimeungua saketi, spika yake nzima. Peniel aliijua vizuri spika ile kwa sababu ilikuwa imetangaza kwa sauti ya mwanawe.

Hapo lazima Editha aelezwe. Ndiye mtoto pekee wa Peniel na mkewe Winfrida, na alipomaliza shule bila kupata kazi alianza kurekodi matangazo ya wafanyabiashara. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, yenye kicheko kwa ndani, na ilimfanya mtu asimame hata kama hana haja. Kwaya ya usharika ilimgombania. Sokoni nusu ya vipaza sauti vilikuwa yeye, kwenye vitunguu yeye, kwenye viatu yeye, na kwenye mafuta ya alizeti aliongeza maneno yake mwenyewe ambayo watoto wa mtaa waliyaiga: "Karibu mteja, karibu. Mafuta ya alizeti, yamekamuliwa hapahapa Singida. Njoo na dumu lako, njoo na tabasamu lako." Peniel alikuwa akishinda kibandani siku nzima anamsikia bintiye akimzunguka kila upande, na ingawa alijifanya kelele zinamchosha, alifurahi sana.

Basi aliifunga spika ile. Skurubu ziliingia kwa ulaini, kana kwamba zimesubiri. Akatia betri mpya, yale mawe makubwa ya redio, akabonyeza.

Kaseti ilizunguka. Kulikuwa na mkwaruzo tu, ule wa utepe mtupu, na harufu ikatoka kwenye matundu ya spika, harufu ya ubani juu na chini yake ngozi ya mbuzi iliyolowa. Peniel aliinama akanusa. Ndipo akasikia mtu anavuta pumzi humo ndani, akaitoa, kisha akavuta tena. Alidhani ni Mzee Yeremia anajiandaa kuongea, kama wazee walivyokuwa wakifanya wakiwekewa kinasa sauti mbele yao, akasubiri kwa adabu. Mzee hakuongea.

Editha akatokea na hotpoti ya chakula. "Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeleta nini?"

"Ugali na mlenda."

Redio nayo, baada ya kitambo, ikasema, "Shikamoo baba."

Walitazamana. Editha akacheka. "Baba, umeninasa?"

"Haina kitufe cha kunasia," Peniel alisema. "Haiwezi."

"Mbona imeweza?" Akacheka tena, na safari hii kicheko kilikatika katikati, akashika koo. Alisema ni vumbi. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kutoka upande wa ziwani, na huo huwa unaleta vumbi na chumvi, kwa hiyo Peniel aliamini ni vumbi.

Hakuiacha kibandani jioni ile. Alimwambia mkewe anaogopa wezi, lakini ukweli ni kwamba alishindwa kuipa mgongo. Aliiweka sebuleni juu ya kabati, imezimwa, akaenda kuoga. Winfrida alikuwa jikoni nyuma ya nyumba anasonga ugali, mlango uko wazi, jua bado halijazama.

"Mama," sauti ya Editha ikaita kutoka ndani.

"Bee mama," Winfrida akaitika.

Hakuna mama wa kule asiyeitika hivyo. Mtoto akiita unaitika kwanza, kisha ndiyo unauliza anataka nini, hata kama mikono imejaa unga, hata kama umemkasirikia. Winfrida aliitika akiwa anakoroga, bila kugeuka. Kisha lango la uani likagonga, na Editha akaingia kutoka nje, ndoo ya maji kichwani.

"Si umeniita sasa hivi?" mama akamuuliza.

Editha akatua ndoo. Akafungua mdomo kujibu, na hakikutoka kitu, hata ile sauti ya kukwaruza ya mtu mwenye mafua. Akajaribu tena. Akamtazama mama yake kwa macho ya mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta mfuko umetoboka.

Hospitali walimwangalia koo kwa tochi wakasema halina kidonda, apumzike, anywe maji ya uvuguvugu. Mchungaji wa usharika akaja, mtu mpole, akaweka mkono juu ya kichwa cha Editha na kuomba kwa muda mrefu. Alipofika mwisho, kabla hajafunga kinywa, kutoka juu ya kabati sauti ya Editha ikasema kwa unyenyekevu kabisa, "Amina." Mchungaji aliondoka akisema atarudi na wazee wa kanisa. Simu yake baada ya hapo ikawa haipatikani, na mimi simlaumu, kwa sababu hata anayelaumu angeondoka.

Ilikuwa ikiongea ikiwa imezimwa. Iliongea kidogo, mchana zaidi kuliko usiku, mambo ya kawaida tu. Iliomba chai. Ilisema, "Mama, umeweka wapi kanga yangu?" Winfrida akawa anaziba masikio kwa viganja na kutembea hivyo ndani ya nyumba, huku mwenye sauti amekaa kwenye mkeka anatazama, machozi yanamtiririka bila kelele yoyote.

Peniel aliamua kufanya anachokijua. Kama kitu kimeingia kwa spika, kitatoka kwa spika. Alipasha moto chuma cha kuchomelea waya, akaifungua redio juu ya meza ya chakula, akagusa waya wa kwanza. Risasi ya kuungia ikayeyuka, waya ukaachia. Nyuma yake mkeka ulichakarika. Winfrida alisema kwa sauti ndogo, "Peniel. Peniel, mwangalie," na alipogeuka alimwona Editha amelala chali, mdomo wazi, kifua kimetulia, midomo inaanza kugeuka rangi, na alijua bila kuambiwa na mtu kwamba ana muda mfupi sana, akaurudisha waya ule kwa haraka kiasi kwamba alijiunguza vidole viwili na risasi ikadondoka mahali pasipotakiwa, na alipoona unang'ang'ania, nyuma yake mtoto akavuta pumzi ndefu, na ndani ya redio nayo ikavutwa nyingine, zote mbili kwa pamoja.

"Usiiguse tena," Winfrida alinong'ona.

"Siigusi."

Lakini mawe yana mwisho. Kila aliyewahi kuwa na redio kaseti anajua mawe yakianza kuchoka sauti inakuwaje, inavutika, inazama, mwimbaji anakuwa kama amelewa. Siku mawe ya Peniel yalipoanza kuchoka, redio ilisema "Ma... ma..." kwa sauti nzito ya kuburuta, na Editha aliyekuwa akifagia alianza kufagia polepole, fagio likiinuka na kushuka kama lina uzito wa mchi, mpaka akasimama katikati ya uwanja ameinama, jicho moja limefumba nusu. Peniel alikimbia dukani bila viatu. Alipotia mawe mapya mtoto alinyooka, akaendelea kufagia, wala hakujua kama alisimama.

Alijaribu adapta, akatoa ile nta na kuunga umeme wa nyumba. Editha alipata homa kali kiasi cha kuunguza mkono wa mama yake. Peniel akaichomoa, akarudi kwenye mawe. Ya zamani aliyapanga juu ya bati yaote jua, kama watu wa shida wanavyofanya, maana jua huyaongezea roho kidogo. Jirani waliyaona wakadhani fundi amekuwa bahili.

Hakuwa na pa kwenda ila Mungaa.

Walikwenda wote watatu na redio yao, kwenye gari la abiria, Noah iliyojaa magunia ya vitunguu, Winfrida ameipakata kama mtoto mgonjwa. Dorkas aliwapokea kwa furaha akidhani imepona. Alipoona nyuso zao hakuuliza, akawapeleka kwa mama mkwe wake, Bibi Damari, mjane wa Mzee Yeremia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anabangua karanga.

"Shikamoo bibi," Peniel na mkewe walisema.

"Marahaba wanangu. Na huyu binti mbona hasalimii?"

Redio mapajani mwa Winfrida ikajibu, "Shikamoo bibi."

Ungo wa karanga ulianguka. Yule bibi aliongea Kinyaturu kwa haraka, akimtazama Dorkas, na Dorkas akaanza kulia na kusema hakujua, hakuna aliyemwambia. Ilibidi wasubiri mpaka bibi apate pumzi.

"Mume wangu alikuwa mganga wa majini kabla hajaokoka," alisema. "Wakati ule watu walikuwa wanambishia, wanasema anaigiza. Akanunua hiyo redio ili amnase jini anapopanda kichwani kwa mgonjwa na kuongea. Akamnasa. Mgonjwa akapona siku ileile, mume wangu akafurahi sana. Hakujua amepona kwa sababu gani. Jini alikuwa amepata nyumba nyingine."

"Kwa nini hakuivunja?" Peniel aliuliza.

"Ukivunja nyumba, mwenyeji anatafuta nyumba ya nyama. Na mume wangu alikuwa na watoto tele nyumbani. Basi akaifungua, akaitoa kitu kimoja kimoja. Akainyima mdomo na miguu. Alipozeeka akagawa urithi, na kila mtoto akapewa chake cha kawaida na kipande cha redio juu yake. Mkubwa wao alipewa ng'ombe na spika. Hakuwaambia ni vya nini, aliwaambia tu visikutane. Wakamcheka, wakasema mzee amechoka akili. Mume wa huyu Dorkas alitengenezea manati ule mpira wake." Akaokota karanga zilizomwagika. "Aliona watoto wa baba mmoja hawakai wakapatana, basi alijua vipande havitakutana kamwe. Hakufikiria kwamba yupo fundi mjini mwenye vipande vya watu wengine."

Peniel aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

"Uliipa mdomo wa nani?" bibi akamuuliza.

Akaeleza habari ya spika ya mafuta ya alizeti. Bibi akamgeukia Winfrida. "Na wewe ikakuita, ukaitika."

"Niliitika, bibi. Ningejuaje?"

"Usingejua. Ila mama akishaitika, yule anayeita ameshakuwa mtoto."

Bibi Damari alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na kitufe chekundu. Mumewe alikuwa amempa yeye, kama fungu lake. Alisema njia ipo moja na marehemu aliijua, lakini alishindwa kuifuata. Kilichonaswa kwenye utepe hufutika ukinasa kitu kingine juu yake. Redio ikiwa nzima, na kitufe chake kikiwepo, nyumba ikinyamaza kabisa upande mzima wa kaseti, utepe utanasa kimya, na kimya hakina mtu ndani yake.

"Kwa nini alishindwa?" Winfrida aliuliza.

"Nyumba yenye watoto inanyamaza lini?"

Wakarudi naye Singida. Peniel alikiweka kitufe mahali pake. Kaseti ilikuwa imevunjwa vijino vya mgongoni ili isirekodiwe juu yake, basi akayaziba matundu yake kwa karatasi iliyotafunwa, kama tulivyokuwa tukifanya sote zamani tukitaka kufuta kaseti za kaka zetu. Akarudisha utepe mpaka mwanzo. Walizima simu. Walifunga madirisha kwa sababu ya upepo, wakasokomeza vitambaa kwenye nyufa, jogoo akafungiwa ndani ya tenga na tenga likafunikwa blanketi. Bibi Damari alimpa Winfrida ncha ya kanga.

"Ing'ate. Itakuita. Itakuita kwa kila namna. Usiitike, mwanangu. Ukiitika, hapo utakapoitikia ndipo kimya kitakapoishia."

Editha alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Alimtazama baba yake, akaitikia kwa kichwa. Peniel akabonyeza.

Fundi yeyote anajua redio ikiwa inarekodi spika yake hufungwa. Ndivyo zilivyoundwa ili zisijisikie zenyewe. Hii iliongea. Mwanzo ilisema kwa heshima, "Baba, naomba uzime." Ikasema, "Baba, unanifuta." Peniel alikazia macho utepe uliokuwa ukihama kutoka gurudumu hili kwenda lile. Iliimba wimbo wa kwaya, sehemu yote ya Editha, bila kukosea. Ikaomba maji. Ikalia. Harufu ya ubani na ngozi mbichi ilijaa chumba mpaka Bibi Damari akafunika pua, na chini ya blanketi jogoo alikuwa akigonga tenga kwa kichwa, taratibu, bila kuwika. Lakini kwenye mkeka rangi ilikuwa inarudi usoni mwa Editha. Midomo yake ilianza kucheza. Alishika koo lake, akameza mate, na Peniel alisikia, hakika alisikia, mguno mdogo wa mtu anayetaka kukohoa, na ule mguno haukutoka mezani.

Utepe ulikuwa umebaki mwembamba kama unene wa kidole. Redio ikanyamaza. Walikaa hivyo, wote wanne, wakisikiliza mota ikizunguka, na Winfrida kanga mdomoni, macho yamemtoka, jasho linamtiririka mpaka shingoni, na Peniel akaanza kuomba Mungu moyoni maneno ambayo hakuwa ameyaomba tangu bintiye alipokuwa mdogo na degedege likambeba usiku kucha, wakati ule alipokuwa akizinduka mara kwa mara na kuita kwa kasauti kake kembamba ambako hakuna redio iliyowahi kukanasa, kwa sababu nyumba ile siku zile haikuwa na redio, na hakuna aliyekajua ila baba na mama waliokaa naye kitandani mpaka kukakucha.

"Mama," redio ikasema kwa kasauti kale. "Mama, sioni."

Kanga ikaanguka.

"Bee mama," Winfrida akasema. "Nipo hapa. Nipo."

Kitufe chekundu kikaruka juu chenyewe. Mota ikasimama.

Bibi Damari aliweka mkono juu ya bega la Winfrida, na baadaye akasema polepole, "Hata mimi ningeitika." Kisha Editha akainuka kwenye mkeka, akawaendea wazazi wake, uso umechangamka, mikono ameinyoosha, na akafungua mdomo, na sauti ikatoka, nzito kidogo, yenye kicheko kwa ndani, ileile yenyewe.

"Karibu mteja, karibu," Editha alisema.

Akasimama. Akajishika mdomo. Akajaribu tena, akimtazama mama yake moja kwa moja, na walioona midomo yake waliona inataka kuunda neno moja tu.

"Mafuta ya alizeti. Yamekamuliwa hapahapa Singida."

Kilichokuwa cha spika, spika ilikirudisha. Mengine yote yalibaki humo.

Dorkas alipopiga simu Peniel alimwambia redio haikupona, spea zake hazipatikani tena, na akamlipa thamani yake. Bibi Damari alirudi Mungaa bila kitufe. Peniel alikuwa amekitoa, akakifunga kwenye pindo la shati lake la kazi, kisha akazichukua skurubu akazirudisha kwenye matundu yake moja moja na kuzikaza sawasawa. Alipomaliza ndipo alipokumbuka mahali alipoona kazi kama ile. Vipande vingine hakuvitoa. Angevitoaje, wakati mtoto anapumua kwavyo?

Editha sasa anauza mafuta sokoni, kwenye meza ya yule mfanyabiashara aliyeunguliwa na kipaza sauti. Biashara ni nzuri. Wateja wanapenda binti anayetangaza kwa mdomo wake mwenyewe siku nzima bila kuchoka, na wakimuuliza bei anaonyesha kwa vidole. Wapo waliogundua kwamba mara nyingine akisema "njoo na tabasamu lako" machozi yanakuwa yanamshuka, wakadhani ni upepo wa ziwani.

Jioni akirudi hukaa na mama yake jikoni, ameegemeza kichwa begani kwake, kimya. Sebuleni redio huita. Winfrida hazibi masikio tena. Hukaa akiisubiri, na isipoita mapema hutazama mlangoni. "Bee mama," huitika, na hueleza siku ilivyokuwa, mboga imepanda bei, fulani ameolewa, huku akimpapasa Editha nywele, na Editha husikiliza sauti yake mwenyewe ikicheka na mama yake kutoka chumba kingine.

Peniel huwa nje wakati huo. Kila jioni huchukua ngazi na kupanda kuokota mawe yaliyoota jua juu ya bati, kabla hayajapoa. Yeye haitikii. Alijiapia hivyo, na alishika kiapo chake majira yote ya kiangazi.

Juzi alikuwa anashuka, mawe yamejaa kwenye mfuko wa shati, ya moto bado, aliposikia kupitia dirishani, si "mama" ya kila siku.

"Baba."

Alisimama kwenye ngazi. Alikijua kile kitu kuliko mtu yeyote duniani, alikuwa amekifunga kwa mikono yake, waya kwa waya. Aliweza kumwona Editha jikoni, ameinua kichwa kutoka begani kwa mama yake, anamtazama kwa dirisha, anatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Baba," ikaita tena, na kile kicheko kwa ndani.

"Naam mama," Peniel akasema, na akaingia kubadilisha mawe.